Kiti cha Kushoto cha Klabu ya Ngazi Saba

Klabu ya Ngazi Saba
4 Machi, saa nne na robo asubuhi

Ndugu Fundi Cherehani,

Nimepata barua yako ya tarehe 19 Februari, na nakushukuru. Tangu tutangaze gazetini kwamba tunaandika kitabu cha miaka arobaini ya klabu, nimepokea barua sitini na mbili. Sitini na moja zinatusifu. Yako peke yake inatusahihisha, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika kitabu, nimeipenda kuliko zote.

Unasema vile vituo vitatu vya kimya kabla ya kiitikio cha wimbo wetu wa kufungulia, ambavyo kila mtu husema ni ubunifu wa Kapteni, vilitokana na uzi wa besi kukatika mazoezini, bendi ikawa inamsubiri mpigaji aufunge. Nilimsomea Kapteni maneno hayo. Kapteni ni baba yangu. Ndiye aliyeanzisha klabu, na sasa ana miaka themanini. Akasema, "Fundi cherehani gani huyo mwenye masikio marefu hivyo?" Nami nakuuliza hilohilo kwa adabu zaidi. Nani alikuambia?

Usishangae kuona nimeandika mpaka saa juu ya barua. Nina tabia hiyo tangu nilipomaliza sekondari nikakabidhiwa dirisha la tiketi na daftari la mahudhurio ya wanamuziki. Watu hunicheka, lakini tukibishana tarehe huja kwangu.

Nakutumia ukurasa wa nne, ambao ndio moyo wa kitabu. Tafadhali angalia kama kuna kosa.

"Klabu ilikuwa ukumbi wa kawaida tu, ngazi saba chini ya barabara, hadi tarehe 14 Septemba, miaka thelathini na moja iliyopita. Siku hiyo bendi ilialikwa mji wa jirani. Mpiga besi alipanda basi la asubuhi na besi yake, maana kanuni ya tatu ya klabu inasema mpigaji na chombo chake hawaachani safarini. Wenzake walimtangulia kwa gari la vyombo vikubwa. Basi lilipinduka, likaungua. Maiti hazikutambulika, ila moja ilikuwa imekumbatia vyuma vya besi. Tukajua ndiye, tukamzika. Kapteni akatunga 'Kiti cha Kushoto', na tangu hapo kiti cha mpiga besi huwekwa jukwaani, upande wa kushoto, bila mtu. Watu walianza kuja kutoka mbali kukiona kiti hicho na kuusikia wimbo wake. Mama mzazi wa marehemu, tunayemwita Mama Besi, hukaa meza ya kwanza kila Jumamosi alasiri, mkabala na kiti. Hajakosa hata Jumamosi moja."

Tutafungua upya ukumbi tarehe 27 Aprili, baada ya ukarabati. Mama Besi ndiye atakayekata utepe.

Wako,
Katibu wa Klabu


Karakana ya Vyerehani
12 Machi

Katibu,

Umeniomba niangalie kama kuna kosa ukurasa wa nne. Kosa lipo. Mimi sijafa.

Nimeusoma ukurasa huo mara sita. Mara ya kwanza nilikuwa na mteja mbele yangu, mama mmoja aliyefuata cherehani yake, nikampa ya mtu mwingine, naye akaondoka nayo. Nilifunga karakana saa sita mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilidhani mnajua kwamba nilitoroka. Habari ya ajali haikunifikia huko nilikokwenda. Miaka yote thelathini na moja nimeishi kama mtu aliyetoroka, kumbe kwenu mimi ni mtu aliyezikwa.

Mwaka ule sikio langu la kushoto lilikuwa limekufa. Nilikuwa nasimama karibu mno na ngoma. Sikumwambia mtu. Nilikuwa napiga kwa kutazama mguu wa mpiga ngoma; mguu ukishuka, nami nashuka. Watu wakasema, "Angalia jamaa anavyoinamisha kichwa, amezama kwenye muziki!" Nilikuwa nimezama kwenye kiatu cha mwenzangu. Mama alikuwa akijigamba juu yangu sokoni kote, na nilijua haitapita miezi miwili kabla sijaumbuka jukwaani mbele yake.

Besi ilikuwa mali ya klabu, siwezi kutoroka na mali ya watu. Niliipandisha kwenye basi, nikamwomba abiria mmoja wa kiti cha nyuma aishike, aikabidhi kwa wanamuziki watakaomsubiri kituoni. Alikuwa amevaa koti la kahawia. Pembeni yake aliweka viatu vya shule vya mtoto, vyeusi, vimefungwa kwa gazeti. Alicheka, akasema, "Mimi sijui hata kuimba, leo nimekuwa mwanamuziki." Akaipakata. Nikashuka, nikapanda basi la upande wa pili.

Katibu, ni yule bwana mliyemzika.

Mwezi wa Desemba nilimwandikia Kapteni. Mama hajui kusoma. Barua zake zote zilikuwa zikisomwa nyumbani kwenu. Nilimwomba Kapteni msamaha, nikamwomba anisemee kwa mama. Majibu yalikuja Januari, yamepigwa taipu. Sentensi zenyewe ni tatu tu, na nazijua zote kwa kichwa: "Usirudi. Mama yako amesema hana mtoto tena. Ukimpenda, mwache atulie." Barua hiyo iko kwenye droo yangu ya sindano.

"Kiti cha Kushoto" nimeusikia redioni mara nyingi, kwa sikio la kulia. Nilidhani ni wimbo wa mpenzi.

Nijibu jambo moja tu. Mama yangu anaamini nimekufa?

Usinitafutie simu. Siwezi kusema haya kwa mdomo.

Fundi,
aliyekuwa mpiga besi wenu


Klabu ya Ngazi Saba
19 Machi, saa mbili na dakika tano asubuhi

Bwana Fundi,

Sijui nikuite nani. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini kwenye mifuko ya saruji ya mafundi, nikachafua sketi nzima. Kisha nikakasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo nisamehe au usinisamehe, vyovyote.

Huu si mzaha wa kumfanyia mama wa miaka sabini na nane. Nimewahi kupokea watu waliodai ni watoto wa nje wa huyo marehemu, waliodai aliwatokea ndotoni, na mmoja aliyetaka kutuuzia kidole gumba cha besi, sijui kitu gani hicho. Marehemu mwenyewe kuandika barua, wewe ni wa kwanza.

Tena unamtia baba yangu ndani yake. Kapteni alilia pale makaburini mpaka akashikwa na watu wawili. Nilikuwepo. Nimeandika. Unataka niamini kwamba miezi mitatu baadaye alijua, na miaka thelathini na moja akaweka kiti mbele ya mama wa watu, akaimba, akasalimiana naye, akamsindikiza mpaka ngazi ya saba? Mtu wa namna hiyo simjui, na nimelelewa naye.

Basi nakupa mtihani mmoja. Asubuhi ya tarehe 14 Septemba mpiga besi alipita kwenye dirisha langu la tiketi. Tulikuwa wawili tu. Alisema jambo, nami nililiandika katika shajara yangu jioni ile. Shajara hiyo hajaisoma mtu, hata mume wangu. Alisema nini?

Kama hujui, usiniandikie tena.

Katibu


Karakana ya Vyerehani
27 Machi

Katibu,

Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulivaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi. Daftari lako la mahudhurio lilikuwa jekundu. Mimi ndiye niliyekubandika jina la Katibu, kwa sababu uliniandika "amechelewa dakika nne" siku ambayo hata Kapteni alikuwa hajafika.

Asubuhi ile nilisimama dirishani nikakuambia, "Katibu, leo niandike nipo, hata usiponiona." Ukasema, "Siandiki nisichokiona." Nikasema, "Basi." Nikaondoka.

Nilitaka angalau mahali pamoja paonyeshe nipo.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya Kapteni yenyewe. Sijawahi kuitoa nje ya droo hii. Ina kutu ya sindano pembeni. Iangalie, kisha uniambie kama ni mimi ninayemsingizia baba yako.

Bado hujanijibu kuhusu mama.

Fundi


Klabu ya Ngazi Saba
3 Aprili, saa kumi alasiri

Kaka,

Ndiyo. Mama yako anaamini umekufa. Hakusema hana mtoto tena. Hajawahi kuulizwa. Hakujua kwamba kuna barua.

Sasa nikuambie kuhusu barua uliyonitumia. Niliifungua mezani, nikaangalia juu kulia kabla ya kusoma neno lolote. Imeandikwa: "9 Januari, saa nne na nusu asubuhi."

Kaka, hakuna mtu mwingine katika klabu hii aliyewahi kuandika saa kwenye barua. Niliteremsha shajara ya mwaka ule kutoka juu ya kabati. Nakunakilia nilichokikuta: "9 Januari. Baba amenisomea barua fupi nimpigie taipu. Mwanamuziki wa zamani anaomba kurudi. Nafasi ya jina ameniambia niiache wazi, atajaza mwenyewe kwa kalamu. Nimekosea neno 'atulie', nimepiga juu yake. Mchana joto kali."

Neno "atulie" kwenye barua yako limepigwa mara mbili, moja juu ya lingine.

Ni mimi. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuambia mama yako amekukana. Niliipiga, nikaikunja, nikailamba bahasha, nikaenda kula. Sikuuliza ni mwanamuziki gani. Sikuuliza mama wa nani. Mimi ninayeuliza watu kwa nini wamechelewa dakika nne!

Nilikwenda kwa Baba muda uleule. Alikuwa barazani anapaka kiatu rangi. Nikamwekea barua juu ya goti. Aliitazama, akaweka brashi chini taratibu, akasema, "Kumbe anatunza vitu."

Nikasema, "Baba, ulijua."

"Nilijua Desemba."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda kwa mama yake siku hiyohiyo nimweleze. Nikamkuta anapiga pasi kitambaa cha kuweka juu ya kile kiti. Akaniambia, 'Kapteni, bila huu wimbo wako mimi ningekuwa nimeshamfuata.' Nikanywa maji, nikarudi."

"Na wiki iliyofuata?"

"Wiki iliyofuata watu walijaa mpaka kwenye ngazi."

Nikamwambia, "Baba, ungeweza kusema siku yoyote. Kuna Jumamosi zaidi ya elfu moja na mia sita hapo."

Akasema, "Ndiyo hivyo, mwanangu. Ya kwanza ilikuwa ngumu, na kila iliyofuata ikawa ngumu kuliko iliyopita." Kisha akaniomba nisubiri mpaka tarehe 27 ipite. Nikamwuliza, "Nisubiri Jumamosi nyingine?" Akachukua brashi, akaendelea na kiatu kilekile ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mama yako. Nitamwambia yote, na nitamwambia nani alipiga taipu. Siombi unisamehe sasa. Naomba tu usihame.

Katibu


Nyumbani kwa Mama Besi
5 Aprili, saa tatu na dakika arobaini asubuhi

Wewe mtoto,

Nimeambiwa upo. Katibu anaandika ninavyosema, nimemwambia asirembe.

Alikuja jana nikiwa nakunja shuka. Akasema, "Mama, mwanao hakupanda lile basi." Nikamwambia, "Shika ncha hiyo." Tukakunja shuka yote, pembe nne, maana nilijua nikiiacha katikati sitaikunja tena. Halafu nikakaa chini sakafuni. Majirani walifikiri nimeanguka. Nikawaambia sijaanguka, nimekaa, nendeni zenu.

Tangu jana sijui nikuwekee hasira au nikuwekee chakula. Nilivaa nyeusi mwaka mzima kwa ajili yako. Nilisafisha kaburi kila mwezi. Nimekuambia mambo yangu yote pale, mpaka ya goti langu, mpaka ya yule jirani aliyehamisha ua. Basi ni nani aliyekuwa ananisikiliza? Nimemlilia mtoto wa nani?

Hilo ndilo linaloniuma leo kuliko wewe. Wewe upo, unakula, unatengenezea watu vyerehani. Yule ana mama mahali fulani ambaye bado anatazama mlango. Katibu amenisomea habari ya viatu vya shule. Kuna mtoto hakuvaa viatu vile.

Halafu sikio. Sikio! Ungekuja ukaniambia, "Mama, sikio halifanyi kazi." Ningekuambia acha besi, njoo unisaidie sokoni, kule tunapiga kelele wote. Hukunipa hata nafasi ya kukucheka.

Huyu Katibu alilia, akasema barua ile aliipiga yeye kwa mikono yake. Nikamwambia alete mikono niione. Nikaiona. Ni mikono tu. Nikamwambia, "Ilimkataza kuja, sasa itamwita." Ndiyo inayoandika hapa. Nimempa chai.

Kapteni sijamwona, na asije kwanza. Nikimwona nitajua la kumfanya.

Njoo. Usilete zawadi. Usije na maneno marefu. Njoo nikuone una nywele au huna.

Na kile kiti wasikiondoe. Wamesema wakitoe kwa kuwa mwenyewe yupo. Nimekataa. Kiti hicho kina mwenyewe. Ni sisi tu hatujui jina lake.

Ni mimi mama yako, kidole gumba changu hiki hapa chini.


Karakana ya Vyerehani
12 Aprili

Mama,

Sina nywele.

Nafika Jumamosi tarehe 20, basi la saa nane mchana. Mwambie Katibu aniandike nikifika, si kabla.

Mwanao


Klabu ya Ngazi Saba
22 Aprili, saa mbili kamili asubuhi

Ndugu Mpiga Chapa,

Natumaini hujaanza kazi ya kitabu chetu. Kama umeanza, simamisha.

Ukurasa wa nne uondolewe wote. Badala yake weka huu niliouambatanisha. Habari ya basi ibaki. Habari ya kiti ibaki. Maneno "tukajua ndiye" yafuatwe na maneno "na tulikosea".

Ukurasa wa tano chapa barua ya tarehe 9 Januari kama ilivyo, picha yake kamili, pamoja na saa, na lile neno lililopigwa mara mbili, na kutu. Usiisafishe. Chini yake andika: "Imesemwa na Kapteni. Imepigwa taipu na Katibu." Baba ameshaiona na ameweka sahihi. Aliomba kalamu mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho, uliokuwa wa shukrani, uwe tangazo. Yeyote ambaye ndugu yake alisafiri kwa basi la asubuhi tarehe 14 Septemba ya mwaka ule, akiwa na koti la kahawia na viatu vyeusi vya shule vya mtoto vilivyofungwa kwa gazeti, na hakurudi, afike klabuni. Kuna kaburi linalotunzwa na kuna kiti. Nafasi ya jina iache wazi.

Umeniuliza kwa simu ya jirani kuna nini huku, maana watu wanasema mambo. Nitakueleza kidogo, lakini haya usichape.

Juzi Jumamosi bendi ilikuwa mazoezini, rangi ya ukuta bado mbichi. Mama Besi alikuwa meza ya kwanza tangu saa saba. Mlango ukafunguka, akashuka mtu mnene, hana nywele, kashika kofia na kisanduku cha sindano. Alizihesabu ngazi kwa miguu kama asiyeziamini. Mpiga ngoma wetu ni yuleyule wa zamani. Alimwona, akaacha fimbo zote mbili zianguke, na bendi nzima ikanyamaza palepale, kabla ya kiitikio.

Mama Besi hakusimama. Alisema, "Umechelewa." Yule mtu akapiga magoti. Mama akampiga kofi moja begani, la nguvu, kisha akamvuta kichwa akamwinamia sikio la kushoto, akamwambia maneno marefu. Sisi hatukuyasikia. Nilikuwa karibu, nikataka kumwambia, "Mama, siyo hilo, hilo ndilo bovu." Lakini yule mtu alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa kila neno, nikafunga mdomo wangu.

Baba alikuwa amesimama ngazi ya juu kabisa. Hakushuka. Alivua kofia, akasimama nayo mkononi mpaka mazoezi yakaisha, na hakuna aliyemwita.

Jambo la mwisho. Ukurasa wa kwanza, mahali palipokuwa na picha ya jukwaa, weka picha ya daftari la mahudhurio la siku hiyo. Chukua mistari miwili ya mwisho tu. Wa kwanza umeandikwa: "Mpiga besi: yupo. Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri." Hapo palipo na doa si kosa la wino, usilifute. Wa pili, wa mwenye kile kiti, hauna kitu. Tafadhali usiujaze na pambo. Uchape hivyohivyo, mtupu, na upana wake wote.

Wako,
Katibu wa Klabu